Sura ya Sita: Mzigo Unaoongezeka

Msimu wa kabichi na viazi unapochanganya, kazi kubwa ya Soni, mji mdogo wa milima ya Usambara, hufanywa na migongo ya vijana. Mboga zinateremka kutoka mashamba ya Bumbuli na Lushoto, zinapangwa kando ya barabara, kisha zinapandishwa kwenye malori yanayoelekea Mombo, Tanga na Dar es Salaam. Gunia linawekwa mgongoni, kijana anapanda ubao ulioegeshwa kwenye bodi ya lori, anatua, anarudi kuchukua jingine. Atafanya hivyo leo, kesho na mwakani.

Sasa mtazame vizuri. Kwa usiku mmoja amebeba uzito ambao mtu wa jimu hataugusa kwa wiki nzima, na nguvu zake hazina ubishi. Lakini ni mwembamba. Hana kifua wala mikono ya yule miraba minne aliyechorwa kwenye kopo la protini, na akisema anataka kujazia mwili, ushauri wa kwanza anaopewa na wenzake ni kununua kopo hilo. Kama kubeba vitu vizito ndiko kunakojenga misuli, kwa nini yake haijajengeka?

Sehemu ya jibu ilipatikana Kenya. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake wa ng'ambo. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, kuona wanatumia oksijeni kiasi gani wanapotembea na mizigo. Mpaka mzigo ulipofikia moja ya tano ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nishati yoyote ya ziada. Walitembea na kilo 12 kana kwamba wametembea mikono mitupu. Mwaka 1995 watafiti wa kundi hilo walieleza siri yenyewe: kwa miaka ya kubeba tangu utotoni, mwendo wa wanawake hao ulikuwa umejirekebisha, kiasi kwamba nguvu ya hatua moja haipotei bali inasukuma hatua inayofuata.

Yeyote aliyewahi kumfuata mama mwenye mzigo wa kuni kwenye miinuko ya Usambara, akaachwa nyuma akihema, anajua maana ya utafiti huo. Mwili unaopewa mzigo uleule kila siku hujifunza kuubeba kwa gharama ndogo kadiri inavyowezekana. Haujiongezi. Nyama ya msuli inakula chakula mchana na usiku hata ukiwa umelala, na mwili haukubali kuilisha bila sababu. Mpakiaji wa Soni alijenga misuli miezi yake ya kwanza ya kazi, gunia lilipokuwa bado linamshinda. Baada ya hapo mwili wake ulipata ujuzi, na kwa ujuzi huo ukaacha kukua.

Kinachoulazimisha msuli kukua ni mkazo usiouzoea. Nyuzi zake zikivutwa kwa nguvu kuliko kawaida, au zikirudia kazi mpaka zinakaribia kushindwa, seli huanza kutengeneza protini mpya kwa kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo huendelea kwa siku moja hadi mbili baada ya zoezi. Kisha inashuka. Ili ipande tena, mzigo sharti uongezeke: kilo chache zaidi, au mara chache zaidi.

Aliyeliingiza wazo hili hospitalini ni daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akiwatibu askari waliovunjika mapaja na kuumia magoti. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwapa wagonjwa uzito mdogo na kuwafanya warudie zoezi mara nyingi, na miguu yao ilibaki myembamba kwa miezi. DeLorme, aliyekuwa amejenga mwili wake mwenyewe kwa kunyanyua vyuma baada ya kuugua ujanani, aliwapa uzito mkubwa na kuuongeza kila walipouzoea. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Kila jimu duniani leo, iwe ya kifahari Masaki au ya vyuma vya zege uani Tanga, inafuata kanuni yake.

Kanuni hiyo haihitaji jimu. Nasema hivi kwa kijana wa Soni hasa, kwa sababu amezoea kuamini kwamba mwili unajengwa mjini. Nyumbani kwao kuna dumu la lita 20, nalo ni kifaa bora kuliko kopo la rangi lililojazwa zege. Zege likishakauka uzito wake haubadiliki tena. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi anaweza kuanza na lita 8, akaongeza moja kila anapozoea, akajua hasa alikotoka na anakokwenda. Dumu likishajaa, amwage maji aweke mchanga mkavu: lita 20 za mchanga zina uzito wa kilo 30 hivi. Madumu mawili tayari ni kilo 60.

Na asione haya uzito ukiwa mdogo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walilinganisha mapaja ya vijana yaliyofanyishwa mazoezi kwa uzito mkubwa na mengine yaliyotumia chini ya nusu ya uzito huo, asilimia 30 tu ya kile wanachoweza kunyanyua mara moja. Wote waliendelea mpaka mguu ukakataa. Baada ya wiki 10 misuli ya makundi yote ilikuwa imenenepa karibu sawa. Miguu iliyonyanyua uzito mkubwa ilipata nguvu zaidi, lakini unene wa msuli uliletwa na kukaribia kushindwa.

Kwa hiyo siku tatu kwa wiki zinatosha. Achuchumae na kiroba cha mchanga kifuani. Ainue madumu mawili kutoka chini, mgongo umenyooka. Ainame na kuvuta dumu kuelekea kiunoni, mkono mmoja baada ya mwingine. Apige pushapu, na zikishakuwa rahisi aweke miguu juu ya benchi, au avae begi lenye mchanga. Ajivute kwenye tawi linalomhimili. Kila zoezi alifanye seti tatu, na kila seti isimame pale anapohisi zimebaki mara moja au mbili tu kabla ya kushindwa kabisa. Aandike kwenye daftari. Wengi wanadharau daftari, nami naliona muhimu kuliko kopo, kwa sababu bila hilo mtu hujidanganya kwamba anaongeza mzigo kumbe anarudia ule wa mwezi uliopita. Wiki za mwanzo nguvu zitaongezeka kabla mwili haujaonyesha lolote, maana mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Mpakiaji ana tahadhari yake. Zoezi lifanywe siku asiyopakia, na lielekezwe kwenye kifua, mikono na misuli ya kuvuta, ambayo gunia haliigusi. Na lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, si zoezi. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana nayo kwa miaka mingi kwa sababu inamwibia mkulima, lakini inamwibia mbebaji pia. Gunia halali la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na lumbesa hupita hapo. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa mwanamume mzima anayebeba mara kwa mara. Pingili za kiuno cha kijana wa miaka 20 zinavumilia lumbesa. Mwenye pingili hizo akifika miaka 45, ndipo anapoanza kulipa.

Upande wa chakula ndio ulio mzito kuliko wote, na mlima huu una historia yake. Katika masimulizi ya Wakilindi, ambayo Abdallah bin Hemedi aliyaandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Nguu. Alipofika Usambara aliwagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani mwao, na hatimaye wakamtawaza. Uzao wake, ndio Wakilindi, ulitawala kutoka Vuga, si mbali na Soni. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyechapisha kitabu chake juu ya ufalme huo mwaka 1974, alilichukulia kwa uzito jambo hili la kubadilishana nyama na vyakula vya wanga. Naona sababu. Mlimani ndizi, na baadaye mahindi na viazi, havikuwa shida kubwa kuvipata. Nyama ilikuwa shida, na bado ni shida kwa mfuko wa mpakiaji.

Lakini kuna kitu mlima ulikipata baadaye ambacho kinaziba pengo hilo kwa kiasi kikubwa, nacho ni makande. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo lisini. Mwili unapojenga msuli unahitaji asidi amino zote muhimu kwa pamoja, na ile iliyo chache kuliko nyingine ndiyo inayoamua kiasi cha kujenga. Maharage yana lisini kwa wingi, na kile yanachopungukiwa kinapatikana kwenye mahindi. Sufuria moja inatoa protini iliyo karibu kukamilika. Ninasikitika ninapomsikia kijana akiyaita makande chakula cha shule au cha kimaskini, halafu anadunduliza pesa anunue unga kutoka ng'ambo ambao kazi yake ni hiyohiyo.

Tuhesabu. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi wa tafiti 49 zenye washiriki 1,863, ulioongozwa na Robert Morton. Kwa watu wanaofanya mazoezi ya nguvu, faida ya kuongeza protini ilifika mwisho kwenye takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wa kilo 60 anahitaji basi gramu 96. Asubuhi anywe uji wenye nusu lita ya maziwa na kiganja cha karanga: gramu 23. Mchana ale makande ya gramu 200 za mahindi na gramu 100 za maharage, zikipimwa kabla ya kupikwa: gramu 40. Usiku ugali wa dona wa gramu 200 za unga na dagaa wakavu gramu 30, pamoja na mboga za majani: gramu 33. Jumla ni 96, bila yai hata moja. Kwa kuwa protini ya mimea haisagwi yote tumboni, mayai mawili yakiongezwa, hesabu imetulia.

Hapo ndipo watu wengi huishia, na ndipo tatizo halisi la mpakiaji linapoanza. Mlo huo unatoa kalori kama 2,300. Mtu wa kilo 60 anayepakia malori huweza kuhitaji zaidi ya 3,000. Pengo lisipozibwa, mwili unachukua protini iliyoliwa na kuichoma kama kuni, na nyama ya msuli nayo inafuata. Kijana wa Soni ni mwembamba kwa sababu anafanya kazi kubwa kwa chai na andazi. Anahitaji kwanza wingi wa chakula: parachichi zima juu ya makande, nazi au kijiko cha mafuta ndani yake, viazi vya kuchemsha kabla ya kupakia, ndizi na karanga baada ya kushuka. Parachichi zinaoza chini ya miti wakati wa msimu, na mwenye njaa ya mwili anazipita akienda kuulizia kopo.

Msuli wenyewe hautaki kingi kama watu wanavyodhani. Karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, na protini ni kama sehemu moja ya tano. Kilo moja mpya ya msuli ina protini ya gramu 200 tu. Akiipata kwa mwezi mmoja, na hiyo ni kasi nzuri, ni chini ya gramu saba kwa siku zinazobaki mwilini. Zaidi kidogo ya yai moja.

Kopo lina nini ndani yake, basi? Unga mwingi wa protini unatokana na maziwa. Maziwa yakigandishwa kutengenezwa jibini, hubaki maji yenye rangi ya manjano hafifu. Wenye viwanda huyachuja, huyakausha, na kuyauza. Jibini inatengenezwa hata hapa milimani, pale shamba la Irente karibu na Lushoto, kwa hiyo chanzo cha unga huo si kitu cha kigeni kwetu. Ni chakula kizuri, kinasagwa upesi tumboni, na kijiko kimoja cha gramu 30 kina protini ya gramu 24 hivi. Mayai manne yanatoa kiasi hichohicho. Katika uchambuzi ule wa 2018, walioongezewa protini walipata wastani wa gramu 300 za mwili usio na mafuta zaidi ya wenzao waliofanya mazoezi bila nyongeza. Mwenye pesa zake na asiye na muda wa kupika anunue kwa amani. Ambaye kopo litamlazimu apunguze chakula cha mwezi aliache dukani.

Makopo makubwa ya kuongeza uzito nayaona kuwa hasara tupu, kwa sababu sehemu kubwa ya unga wake ni wanga na sukari, vitu ambavyo Soni vinauzwa kwa kilo.

Saplimenti moja sina ugomvi nayo, nayo ni kreatini. Mkemia Mfaransa Michel Chevreul aliigundua katika nyama mwaka 1832. Mwili unajitengenezea kiasi na kupata kingine kutoka kwenye nyama na samaki, na msuli unaitumia kurudisha nishati katika sekunde chache za kazi nzito. Mwaka 1992 Roger Harris na wenzake walionyesha kwamba mtu akiinywa, akiba yake ndani ya msuli inaongezeka. Tangu hapo imepimwa mara nyingi sana, na gramu 3 hadi 5 kwa siku zimethibitika kusaidia kidogo nguvu na misuli. Anayekula nyama kwa nadra ana akiba ndogo, hivyo hunufaika nayo zaidi, na jikoni hakuna mbadala: kilo nzima ya nyama mbichi ina gramu 4 au 5 tu. Ajue kwamba kilo moja au mbili za mwanzo ni maji, na mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari.

Shida ni kujua kama kilichoandikwa kwenye lebo ndicho kilichomo. Maabara ya Cologne, Ujerumani, kwa kazi ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ilipima saplimenti 634 zilizonunuliwa katika nchi 13. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: 94 kati yake, karibu asilimia 15, zilikuwa na homoni ambazo lebo haikuzitaja. Hapa Tanzania usimamizi wa vyakula ulihamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019 na dawa zikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Bidhaa iliyofungwa upya kwenye mfuko wa nailoni na kuuzwa mkononi haijapita kwa yeyote kati yao.

Nimefika kwenye vidonge, na hapa naomba msomaji asome polepole. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya, mara nyingi kwa wasichana wanaotaka umbo na vijana wanaotaka mwili, kwa kawaida ni vya aina mbili. Cha kwanza ni cyproheptadine, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na kuleta usingizi. Matumizi yake ya kuongeza mwili yameenea vya kutosha Kinshasa hata watafiti wakaandika juu yake mwaka 2016. Mtu hunenepa kweli, lakini kwa mafuta. Cha pili ni dexamethasone, au ndugu yake prednisolone, nacho ndicho kinachonitia hofu. Uso unajaa, tumbo linatoka, mizani inapanda, na mtumiaji anafurahi. Wakati huohuo dawa hiyo inavunja protini ya misuli ya mapaja na mabega, inapandisha sukari na presha, na inalaza tezi zinazotengeneza homoni ya mwili ya kukabiliana na magonjwa. Akiiacha ghafla baada ya miezi, anaweza kuzirai na kufa. Aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiache mwenyewe. Aende hospitali, aseme kila kitu, apunguziwe taratibu.

Sindano za testosterone, kwa upande wake, zinajenga misuli kweli, na nikikanusha hilo sitaaminiwa kwa mengine. Bei yake ni kwamba mwili unaacha kutengeneza homoni yake na mbegu zake. Korodani zinasinyaa. Kijana anayetaka mwili ili apendeze, aoe na apate watoto, anapaswa kuambiwa hili waziwazi kabla ya sindano ya kwanza.

Nimewaongelea vijana kwa sababu ndio wanaouliza. Wanaohitaji misuli kuliko wote hawaulizi. Ni bibi na babu wa vijiji vya juu ya Soni, ambao njia ya kwenda kisimani, shambani na msikitini au kanisani ni mteremko na mpando. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na siku mapaja yanaposhindwa kumwinua mtu kutoka kwenye kigoda, amepoteza mlima wote.

Mwaka 1994 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti wao wa wazee 100 waliokuwa katika makao ya wazee Boston, wastani wa umri wao miaka 87. Wengine walifanya mazoezi ya uzito, wengine walipewa kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine hakuna. Baada ya wiki 10 nguvu za waliofanya mazoezi zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Kinywaji peke yake hakikubadilisha kitu.

Mjukuu anaweza kulifanya hili nyumbani jioni. Bibi akae kwenye kiti kigumu kilichoegemea ukuta, asimame bila kujisukuma kwa mikono, akae tena taratibu, mara 8 au 10, apumzike, arudie. Siku tatu kwa wiki. Ikiwa rahisi, akumbatie mfuko wa kilo moja ya unga, baadaye mbili, baadaye tatu. Makande yake yachemke mpaka yalainike, maharage yapondwe kama meno yamepungua, na kikombe cha maziwa kiwe kando. Wiki za mwanzo mtu asimame karibu naye. Mwenye presha asibane pumzi: atoe pumzi anapoinuka, na avute anapokaa.